Aliyeona, Aliyeambiwa na Aliyeulizwa: Mashuhuda wa Januari 1964

Kuna kasumba moja katika semina zetu ambayo nadhani wakati umefika tuitazame kwa jicho kali. Mtu akisema "nilikuwepo, niliona kwa macho yangu," basi mjadala umefungwa. Wahenga walisema kusikia si kuona, kwa hiyo aliyeona ndiye mwenye neno, wengine tunyamaze. Ajabu ni kwamba sisi sisi wanafunzi wa fasihi, tukipewa riwaya inayosimuliwa katika nafsi ya kwanza, hatumwamini msimulizi hata kidogo. Tunamuuliza alisimama wapi, ni wa tabaka gani, anamsimulia nani, anaficha nini. Akija mzee wa mtaani na kisa chake, maswali yote hayo tunayafungia kabatini, eti kwa sababu hii ni historia na ile ni fasihi.

Makala hii inakusudia kumhoji shuhuda kama tunavyomhoji msimulizi wa riwaya. Mfano wangu ni maasi ya askari wa Tanganyika Rifles ya mwaka 1964, kwa sababu yalitokea hapa hapa Dar es Salaam, na kwa sababu waliokuwa vijana wakati ule bado wako nasi Magomeni, Msasani na Temeke, ingawa wanapungua kila mwaka.

Tukio lenyewe kwa ufupi. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa kikosi cha kwanza waliasi katika kambi ya Colito, kando ya barabara ya Bagamoyo. Ndiyo Lugalo ya leo, tunayoipita kila tukipanda daladala la Mwenge kwenda Tegeta. Uhuru ulikuwa na miaka miwili na ushei, lakini maofisa wengi wa jeshi walikuwa bado Waingereza. Askari wakadai mambo mawili: mshahara wa askari wa chini upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Wakawafungia maofisa, ila Brigedia Sholto Douglas, mkuu wa jeshi, akaponyoka. Wakaingia mjini kabla jua halijatoka, wakashika Ikulu, redio na kiwanja cha ndege. Rais Nyerere na Makamu wake Rashidi Kawawa wakaondolewa Ikulu wakafichwa. Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, akaenda kuzungumza na askari. Mchana maduka ya Wahindi na Waarabu yakaporwa Kariakoo na Magomeni, na watu wakauawa. Maofisa wa Kiingereza wakapakiwa kwenye ndege kwenda Nairobi. Kikosi cha pili cha Tabora nacho kikaasi tarehe 21. Mwisho Serikali ikaomba msaada wa Uingereza, na alfajiri ya Jumamosi tarehe 25 makomandoo wakateremshwa Colito kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, na katika muda mfupi mambo yakaisha.

Angalia, ndugu msomaji, jinsi aya hiyo ilivyoteleza kwa -ka-: wakadai, wakafungia, wakaingia, ikaomba. Kila kitu kimefuata kingine kama shanga kwenye uzi. Nitarudi kwenye jambo hili.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na miaka kumi na sita, akikaa kwa shangazi yake Magomeni Mapipa. Kisa chake nimekisikia tangu nikiwa mdogo. Anasema walikuwa wanakula daku waliposikia malori yakipita barabara ya Morogoro, mengi kuliko kawaida, na shangazi mtu akazima taa. Asubuhi wakaambiwa wasitoke. Mchana yeye akatoka. (Kwa nini alitoka? "Nilikuwa msichana," anajibu, na jibu hilo namwachia.) Akafika kwenye kona yenye duka la Mwarabu, akakuta mlango umeng'olewa. Unga umemwagika mpaka barabarani. Majora ya khanga yamefunguliwa, mtu kashika ncha hii na mtu kashika ncha ile, wanavutana, kitambaa kimetanda njia nzima. Na mbele ya duka vijana wawili wamekaa juu ya kreti wanakunywa soda. "Mchana kweupe! Mwezi wa Ramadhani! Wala hawajajificha!" Zaidi ya miaka sitini imepita, na sauti yake bado inapanda akifika hapo.

Sasa tuanze uhakiki. Je, ilikuwa Ramadhani kweli? Katika maandiko niliyosoma juu ya maasi haya, na mengi yametokana na taarifa za Waingereza, sikukuta aliyeutaja mwezi. Nikahesabu kalenda ya Kiislamu: Ramadhani ya mwaka 1383 Hijria iliandama katikati ya Januari 1964, kwa hiyo Jumatatu ile ilikuwa ndani ya siku za mwanzo kabisa za mfungo. Bibi yuko sahihi, tena kwa jambo ambalo hakulisoma popote. Analikumbuka kwa sababu alikuwa na njaa na kiu, na mtu mwenye kiu akimwona mwenzake anakunywa soda baridi hadharani hasahau. Hapo naweka alama: ushahidi wa mwili wake mwenyewe, yaani njaa, kiu, mahali alipokanyaga, mlango alioukuta, huo naushika.

Lakini kisa hicho hicho kinaendelea hivi: "Basi mara tukasikia helikopta hizo, Waingereza wakaja, askari wakakimbia, ikaisha." Mara? Kati ya soda na helikopta kuna siku tano nzima. Katika siku tano hizo Rais alijitokeza na kusema redioni, Tabora iliasi, Jinja kule Uganda iliasi, Lanet kule Kenya iliasi. Kwa bibi yote hayo yamemezwa na neno "mara". Hadanganyi. Siku zile tano hazikumgusa mwilini. Alikuwa amefungiwa ndani kwa shangazi, siku zinafanana, na kumbukumbu haihifadhi siku zinazofanana.

Jambo la namna hii si la wazee wa 1964 peke yao. Nendeni Temeke leo muulize habari za mabomu. Ghala la silaha la jeshi Mbagala lililipuka tarehe 29 Aprili 2009, mchana, karibu na adhuhuri. Ghala la Gongo la Mboto lililipuka tarehe 16 Februari 2011, usiku. Kila moja liliua watu zaidi ya ishirini na kuwatoa maelfu majumbani. Lakini nimewasikia watu wazima, si wazee, tena wenye akili timamu, wakisimulia mabomu ya Mbagala na mbingu iliyokuwa nyekundu gizani, na watoto waliokimbilia uwanja wa Uhuru usiku kucha. Hiyo ni Gongo la Mboto. Matukio mawili yameshonwa pamoja kabla hata miaka ishirini haijatimia, na mshono hauonekani.

Nirudi Magomeni, kwenye jambo zito zaidi: nani alipora? Siku moja mjomba wangu, ambaye anapenda siasa, alimuuliza bibi mbele yetu: "Mama, uliwaona wale askari wakipora?" Bibi akajibu, "Ndiyo, niliwaona." Mjomba akatutazama kama wakili aliyemaliza kesi. Wiki kadhaa baadaye nilikwenda peke yangu, nikamuuliza kwa namna nyingine: "Bibi, pale dukani ulimkuta nani?" Akafikiri. Akasema, "Vijana wa mtaani. Wengine nawajua." Na askari? "Askari walipita na gari, wakapiga risasi juu. Halafu wakaenda zao."

Majibu hayo mawili yametoka kinywani mwa mtu mmoja, naye kote mbili anasema kweli kama anavyoijua. Tofauti imo katika swali. Mwaka 1974 huko Marekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kasi gani yalipogongana. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, cha kupondana, walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa kitenzi laini. Swali la mjomba lilikuwa limekwisha wapa askari kazi ya kupora. Bibi aliombwa kutia saini tu. Na mtu anayeulizwa na mwanawe wa kiume mbele ya wajukuu hutia saini.

Sarufi yetu ya Kiswahili inaweza kumsaidia mhakiki hapa kuliko tunavyodhani. Nimesikiliza kisa cha bibi mara nyingi nikiwa na daftari, nikatia mstari chini ya viambishi. Anapozungumzia daku na unga anatumia ni- na -li-, anasimama, anajirekebisha: "nilikuwa nimeshika, hapana, shangazi ndiye alikuwa ameshika taa." Anapofika kwa askari inaanza -ka-, inateleza bila kukwama, na mwenye kutenda anakuwa wa-, wao, watu gani hatuambiwi. Na anapofika kwenye vitu vilivyotoka dukani lugha inageuka mara ya tatu: "vitu vikachukuliwa," "cherehani ikabebwa." Ikabebwa na nani? Kauli ya kutendwa ina faida hiyo; jambo linatokea na hakuna mkono uliolitenda. Nimemuuliza habari ya cherehani ile mara moja tu. Akaniita "mume wangu," kama bibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao, akanituma nikamletee maji.

Sitaki msomaji afikiri nimevumbua mizani ya kupimia ukweli. Kuna mzee mmoja wa Mtoni, Temeke, ambaye mwaka 1964 alikuwa mvuvi kijana Msasani. Huyu ni fundi wa kusimulia. Kisa chake chote ni -ka- tupu, hakikwami popote, na kila Idd kinapata kipande kipya: helikopta zilikuwa kumi na mbili, siku hizi ni ishirini. Kwa mizani ya viambishi ningemtupa nje asubuhi. Sasa, huyu mzee anashikilia kwamba alfajiri ile manowari ilipiga mizinga na mizinga ile haikubomoa kitu. Vijana pale barazani wanamcheka: mizinga gani isiyobomoa? Waingereza wamekuja na meli zote hizo kupiga hewa? Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Meli ya vita iliyofuatana na Centaur ilifyatua mizinga kwa kutisha na kupoteza lengo, wakati makomandoo wakiteremka kwingine. Kombora lililolenga kweli lilipigwa na askari wa miguu kwenye chumba cha walinzi cha kambi. Mzee alisema lile lililokuwa gumu kuaminika, hakulilainisha hata kwa kuchekwa, na hilo naliona ni ushahidi wenye nguvu. Msimulizi akitaka kupendeza, angalau angebomoa nyumba moja.

Kwa hiyo nashauri tusimpime shuhuda mzima mzima, huyu mkweli na yule mwongo. Tumpime sentensi kwa sentensi. Ndani ya mzee mmoja mna aliyeona, mna aliyeambiwa, na mna aliyeulizwa akajibu kwa adabu.

Aliyeambiwa ndiye anayetawala Kigamboni. Inafahamika kwamba Mwalimu na Kawawa walitolewa Ikulu wakafichwa, na masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema walivushwa kwenda ng'ambo ile ya bandari. Lakini nenda Kigamboni ukaulize nyumba. Mmoja atakuonyesha palipokuwa na kibanda cha mvuvi, mwingine atakwambia ni kwa wamisionari, wa tatu atakutajia babu yake aliyempikia Rais uji. Maasi yalianza usiku wa kuamkia tarehe 20, na tarehe 21 Rais alikuwa redioni. Vibanda vyote vile vingekuwa vya kweli, Mwalimu asingepata hata nafasi ya kukaa kitako. Siwacheki wazee hawa. Kila familia inaomba chumba kidogo ndani ya historia ya Taifa, na mgeni aliyekuja usiku bila kuonekana ndiye rahisi kukaribishwa. Tukio lililofanywa kwa siri huzaa mashuhuda wengi kuliko lililofanywa hadharani, kwani hakuna anayeweza kuwapinga. Msema pweke hakosi.

Kuna ushahidi mwingine unaobadilika bila neno hata moja kubadilika, nao ni ule wa Kambona. Tendo linafahamika: alikwenda Colito akasimama mbele ya askari wenye bunduki, akazungumza nao, wakamsikiliza. Mwaka 1964 tendo hilo lilisimuliwa kama ushujaa wa waziri aliyeokoa Serikali. Mwaka 1967 Kambona alikosana na Mwalimu, akaondoka nchini kwenda London, asirudi hadi 1992. Baada ya kuondoka kwake, "walimsikiliza" ikaanza kusemwa kwa kukonyeza jicho: kwa nini wamsikilize yeye? Walijuana naye vipi? Nimewasikia wazee wawili wakibishana juu ya hili kwenye bao, na nilichokigundua ni kwamba hawakuhitilafiana hata kwenye jambo moja lililoonekana. Wote wawili wanamweka pale pale, mbele ya askari wale wale. Kinachogombaniwa ni maana, na maana haionekani kwa macho. Mhakiki wa tamthilia anajua hili vizuri, maana kila mwongozaji humpa mhusika yule yule mwendo wake.

Tusidhani kwamba maandishi yanatuokoa. Mwaka 1967 John Okello, aliyejiita Field Marshal wa Mapinduzi ya Zanzibar, alitoa kitabu chake. Huyu ni shuhuda ambaye hakuna anayeweza kumwambia hakuwepo. Lakini hesabu yake ya waliokufa ni ya kutisha, inapita elfu kumi na tatu, tena imeandikwa hadi mtu wa mwisho, kana kwamba kulikuwa na karani nyuma ya kila panga. Usahihi wa tarakimu umechukua nafasi ya ushahidi. Jeshi letu nalo, JWTZ, lilitoa kitabu chake juu ya maasi haya mwaka 1993, kupitia Dar es Salaam University Press. Ni kazi muhimu na kila mwanafunzi aisome. Hata hivyo ni jeshi linalojisimulia jeshi lililovunjwa ili lenyewe lizaliwe, tarehe 1 Septemba 1964. Msimulizi huyo naye ana mahali aliposimama.

Chuo chetu kina deni katika jambo hili. Mwaka 1968 wanafunzi wa hapa walitumwa vijijini wakati wa likizo kukusanya kumbukumbu za wazee waliopitia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Bila wao sauti zile zingezikwa. Lakini walikwenda wakiwa vijana wa taifa jipya, wakitafuta umoja wa makabila dhidi ya Mjerumani, na katika miaka ya tisini wanahistoria kama Thaddeus Sunseri na Jamie Monson wakaonyesha kwamba mengine yaliachwa pembeni. Sunseri alitazama Uzaramo, nyuma ya nyumba zetu hapa, akakuta habari za njaa, za nguruwe mwitu wanaokula mashamba, na za wanawake walioachiwa kazi ya kilimo. Anayetafuta shujaa haulizi habari za nguruwe. Ebrahim Hussein alikuwa mwangalifu zaidi: alipoandika *Kinjeketile* alitamka wazi kwamba mhusika wake ni kiumbe cha ubunifu wake, wala si yule Kinjikitile wa Ngarambe. Laiti mashuhuda wote wangetuwekea dibaji ya namna hiyo.

Kwa nini niwasumbue wenzangu na viambishi vya bibi yangu? Kwa sababu mwaka 1964 watu walifungwa kwa sentensi za aina hii. Baada ya Waingereza kurejesha utulivu, Serikali ilisema baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wakikutana na askari ili kuyageuza maasi kuwa mapinduzi. Zaidi ya watu 200 walikamatwa. Tuchukue maneno "alionekana akizungumza na askari," maneno ya kawaida kabisa mdomoni mwa shuhuda. Nani alimwona? Kauli ya kutendwa haisemi. Alisimama umbali gani? Alisikia, au aliona midomo inacheza? Askari wenyewe walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na Sajenti Francis Hingo Ilogi, aliyehesabiwa kuwa kiongozi wao, akapewa miaka 15. Huko angalau shuhuda aliweza kuulizwa tena na upande wa pili. Waliowekwa kizuizini hawakuhitaji shuhuda wa kuhojiwa. Shirikisho lao, TFL, lilivunjwa, na Februari 1964, kabla mahakama ya kijeshi haijatoa hukumu kwa askari hata mmoja, NUTA ilikuwa imekwisha undwa kuchukua nafasi yake.